Makasri ya mto Loire na wanawake walioshika funguo



Tangu nirudi kutoka Ufaransa, kila siku ya mkutano wetu kuna mtu ananiuliza kuhusu Paris na ule mnara wa chuma. Paris nilipita tu, saa chache kati ya ndege na treni. Majuma matatu yote nilikaa Tours, mji ulio kwenye mto Loire, kwa dada yangu mkubwa aliyejifungua mtoto wa tatu. Kule hakuna mama wala shangazi wa karibu wa kumsaidia, na ndiyo kazi niliyoendea. Mtoto alikuwa na mwezi mmoja na nusu. Siku za posho shemeji alikuwa haendi kazini, akabaki na wale wakubwa wawili, akatuambia: tokeni, mwalimu aone nchi. Basi tulikuwa tunamfunga mchanga mgongoni kwa kitenge, tunapanda treni, tunaenda kuangalia yale majumba ya kale ambayo Wafaransa wanayaita châteaux. Kwa Kiswahili tuseme makasri. Tuliona matano.

Mimi ninafundisha historia sekondari. Katika vitabu vyetu makasri haya ni ya wafalme: huyu alijenga, yule akapigana, mwingine akafa. Nilipoingia ndani na kusoma maandishi ya ukutani nilikuta habari nyingine, na ni hiyo nataka kuwaletea juma hili. Karibu kila mlango tuliopita ulikuwa na habari ya mwanamke na karatasi: mkataba wa ndoa, hati ya nyumba, deni la marehemu. Mambo ya miaka 500 iliyopita, lakini mngeyasikia mngedhani tunazungumza habari za kartie yetu.

Kwanza niseme kwa nini yako mengi hivyo mahali pamoja. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, karibu kilomita 1000. Wakati wa vita virefu na Waingereza, wafalme walikimbia Paris wakakaa huku, na hata vita vilipokwisha waliendelea kupapenda. Wakubwa wa serikali wakajenga karibu na mfalme, kama vile leo kila mkubwa anataka kiwanja karibu na gavana. Tena ardhi ile ina jiwe jeupe laini linaloitwa tuffeau, rahisi kukata, na mto ulikuwa wa kulibebea. Mwaka 2000 UNESCO iliandika sehemu kubwa ya bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Chambord ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo nililolipenda kidogo kuliko yote. Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400 na mahali pa kuwashia moto 282. Ngazi yake ya katikati ni mbili zilizosokotana, mtu anapanda, mwingine anashuka, wanaonana kwa madirisha na hawakutani. Watoto wa shule wangefurahi sana pale. Lakini katika miaka yake 32 ya ufalme, François alilala Chambord siku 72 tu. Lilikuwa jumba la kuwindia. Kila alipokuja, vitanda, mazulia na vyombo vilibebwa kutoka kwingine, akiondoka vinaondoka naye. Dada yangu alitazama paa lote lile la minara akauliza: na kulifagia, nani? Tukacheka, tukaenda zetu.

Langeais ni dogo, liko katikati ya mji mdogo, lina daraja la kuvutwa kwa minyororo mpaka leo. Katika chumba kimoja wameweka sanamu za nta zenye nguo za zamani, zinazoonyesha harusi iliyofungwa mle ndani tarehe 6 Desemba 1491. Bibi harusi ni Anne wa Bretagne. Baba yake alikufa akamwachia nchi nzima ya Bretagne, na mfalme wa Ufaransa, Charles VIII, akaja na jeshi akazingira mji wake. Amani ikapatikana kwa ndoa. Siku ile Anne alikuwa hajatimiza miaka 15. Ni umri wa wasichana ninaowafundisha mwaka wa pili, wale ambao bado wanabishana nani atafuta ubao.

Sasa sikilizeni mkataba. Uliandikwa kwamba mfalme akifa bila kuacha mtoto wa kiume, Anne hataolewa na mtu mwingine ila yule atakayerithi kiti cha ufalme. Yaani mjane amesharithiwa siku yenyewe ya harusi, mume akiwa hai amesimama pembeni. Nilisimama pale muda mrefu. Tunaposikia wazungu wakituandikia ripoti juu ya mila yetu ya kurithi wajane, tunadhani ni kitu kilichozaliwa Afrika peke yake. Hapa kilikuwa kimeandikwa kwa wino mzuri, mbele ya mashahidi, kwa sababu ya shamba tu. Shamba kubwa, ni kweli, nchi nzima, lakini ni shamba.

Na mfalme akafa kweli, mwaka 1498, katika kasri la Amboise: alijigonga kichwa kwenye mlango mfupi. Watoto wote waliozaa walikuwa wamekwisha kufa. Anne akarudi kwao Bretagne, akaanza kutawala mwenyewe. Mrithi, Louis XII, alikuwa na mke. Ndoa hiyo ikavunjwa, na Januari 1499 Anne akaolewa naye kama ilivyoandikwa. Lakini safari hii hakuwa tena mtoto wa miaka 14. Alikuwa karibu kutimiza miaka 22, na mkataba wa pili ulikuwa na sauti yake: utawala wa Bretagne ulibaki mkononi mwake yeye, si wa mume. Mtu yule yule, mikataba miwili, na tofauti yake ni miaka saba na akili ya mtu aliyekwisha kuona. Kwa wenye mabinti wa sekondari nyumbani, hesabu hiyo miaka saba.

Amboise tulienda juma lililofuata. Watu wanapanga mstari kuona kanisa dogo lenye kaburi la Leonardo da Vinci, mchoraji Mwitalia aliyekufa katika mji huo mwaka 1519. Sisi tuliona kaburi, halafu tukashuka bustanini, na huko tulikuta kitu ambacho hakuna kitabu cha shule kilichoniambia. Kuna mawe 25 yamepangwa kwenye majani. Ni ya Waalgeria. Emir Abdelkader, aliyepigana na Wafaransa miaka mingi kutetea nchi yake, alijisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende nchi za Waislamu mashariki. Ahadi haikutimizwa. Walimfunga Ufaransa, na kutoka 1848 hadi 1852 alifungwa katika kasri hilo la Amboise pamoja na watu wa nyumba yake, wanawake na watoto ndani. Watu 25 kati yao walifia pale. Mawe yenyewe yamewekwa mwaka 2005, kazi ya msanii Mwalgeria Rachid Koraïchi. Kwenye kaburi la Leonardo kulikuwa na kelele za simu na picha. Kwenye mawe tulikuwa dada yangu, mimi na mtoto mgongoni. Dada alimfungua kitenge akamnyonyesha hapo hapo kwenye benchi.

Villandry nitalipita haraka, ingawa wakulima wa kikundi chetu wangeniona mbaya. Watu wanaenda kule kwa bustani ya mboga! Viwanja tisa vya mraba, vimepandwa kabichi, karoti, vitunguu, betterave, kila rangi upande wake kama zulia. Mwanamume Mhispania, Joachim Carvallo, na mke wake Mmarekani, Ann Coleman, walinunua mahali hapo mwaka 1906 wakaacha kazi ya sayansi wakashika jembe, tuseme wakashikisha wengine jembe. Kabichi zilikuwa nzuri. Lakini kusafiri na kulipa tiketi ili kuangalia kabichi usizoweza kukata, hilo mimi mtu wa Kivu sikulizoea.

Juu ya tiketi, nisiwafiche: mtu mzima analipa zaidi ya euro 15 katika makasri makubwa. Dada yangu ndiye alilipa. Kwa mshahara wa mwalimu wa kwetu ningeona geti tu.

Nimebakiza Chenonceau kwa makusudi. Kijiji kinaandikwa Chenonceaux, na x mwishoni. Kasri linaandikwa bila x. Walimu wenzangu wa Kifaransa, hiyo ni dictée tayari. Treni inasimama karibu kabisa na geti. Unatembea kwenye njia ndefu yenye miti mikubwa pande mbili, halafu unaliona: nyumba nyeupe iliyosimama ndani ya mto Cher, na mgongoni mwake daraja lenye matao, na juu ya daraja tena nyumba nyingine ndefu inayofika ng'ambo. Wafaransa wanaliita kasri la wanawake.

Wa kwanza ni Katherine Briçonnet. Bwana wake, Thomas Bohier, alikuwa mshika fedha wa wafalme, na kila mara alikuwa safarini Italia kwenye vita. Walikuwa wamenunua mahali penye kinu cha kusagia nafaka katika mto. Kati ya mwaka 1513 na 1521, bwana akiwa mbali, Katherine ndiye aliyesimamia mafundi. Jambo moja linaonyesha kwamba msimamizi alikuwa mtu wa nyumbani: ngazi. Wakati ule ngazi za makasri zilikuwa za kuzunguka kama konokono. Yake imenyoka, inapanda, inageuka, inapanda tena. Ni moja ya ngazi za kwanza za namna hiyo Ufaransa. Mtu aliyewahi kupanda na beseni la nguo mikononi atamwelewa. Na kwenye mawe ya kasri wamechonga herufi TBK. T na B ni za Thomas Bohier. K ni yake. Nimeona nyumba nyingi hapa kwetu ambazo mama alibeba maji ya kukorogea simenti kuanzia msingi hadi bati, na hakuna K yoyote mahali popote.

Lakini K ya jiwe haikutosha. Thomas akafa 1524, Katherine akafa 1526. Serikali ikapekua hesabu za marehemu, ikasema alibaki na deni la mfalme, na mwaka 1535 mtoto wao akaliachilia kasri kwa François I ili kulipa.

Mfalme aliyefuata, Henri II, akampa kasri Diane de Poitiers mwaka 1547. Diane hakuwa mke wake. Mke alikuwapo, Catherine de Médicis. Diane alikuwa mjane, mkubwa kwa mfalme karibu miaka 20, na alikuwa ile tunayoita hapa kwetu deuxième bureau, ila hii ilikuwa biro ya pili iliyokaa mbele ya watu wote bila kujificha. Simsifu. Lakini kwa mambo ya karatasi mama huyu alikuwa mwalimu. Alijua kwamba zawadi ya mpenzi ni nyepesi, na kwamba mali ya ufalme anaweza kunyang'anywa siku mfalme akifunga macho. Akazungusha mambo mahakamani miaka mingi mpaka mwaka 1555 akaandikwa mwenye mali kwa kununua, siyo kwa kupewa. Akapanda bustani kubwa, akajenga lile daraja.

Miaka minne baadaye, 1559, mfalme akafa kwa kuchomwa kipande cha mkuki kwenye mchezo wa farasi. Catherine, aliyevumilia miaka yote hiyo huku akizaa watoto kumi, hakungoja. Akamtaka Diane arudishe Chenonceau. Na hapa ndipo karatasi ile ya 1555 ilipofanya kazi: hakuweza kumfukuza mikono mitupu. Ilibidi abadilishane naye, akampa kasri lake la Chaumont, lililo palepale juu ya Loire. Diane alipoteza alichopenda, lakini hakulala barabarani. Fikirini kwamba mtu huyu hakuwa hata na ndoa, na fikirini ni wajane wangapi wa ndoa tunaowajua ambao mashemeji walifika kabla kilio hakijaisha.

Kwetu sheria ya jamaa ni ya 1987, na mwaka 2016 ilirekebishwa. Yale mambo ya mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria yaliondolewa. Sitaendelea, mwanasheria wetu atakuja kuzungumza nasi. Ila kila akija anauliza kitu kimoja, cheti cha ndoa ya Leta kiko wapi, na kila mara nusu ya viti vinanyamaza.

Catherine naye alijenga. Juu ya daraja la mpinzani wake alipandisha ukumbi wa mita 60, madirisha 18, sakafu nyeusi na nyeupe, akacheza humo sikukuu kubwa. Bustani zao mbili bado ziko, kila moja upande wake, kama wake wenza wasiosalimiana. Wageni wengi wanapiga picha bustani ya Diane kwa sababu ni kubwa.

Ghorofani kuna chumba kinachotisha watoto. Ni cha Louise de Lorraine, mkwe wa Catherine, ambaye bwana wake, mfalme Henri III, aliuawa kwa kisu mwaka 1589. Chumba kimepakwa rangi nyeusi, na juu yake wamechora machozi ya fedha. Yeye mwenyewe alivaa nyeupe, kwa sababu huko ndiyo iliyokuwa rangi ya malkia mjane. Wanaomwonyesha wanazungumza sana juu ya huzuni yake. Mimi nilisikia neno moja lililotajwa kwa haraka: Catherine alipomwachia kasri, alimwachia na madeni. Mjane aliomba Mungu humo ndani, na waliomdai mama mkwe wake walikuwa wanagonga mlango.

Karne ya 18 mwenye nyumba alikuwa mama Louise Dupin. Alisoma, alikaribisha wasomi, akaandika kazi kubwa ya kutetea wanawake, na mwandishi aliyemshikia kalamu alikuwa Jean-Jacques Rousseau, yule yule tunayemsoma katika masomo ya ualimu. Pale chuoni tulifundishwa Rousseau karibu kila mwaka. Hakuna aliyetutajia mama aliyemlipa mshahara. Wakati wa mapinduzi, makasri mengi yaliharibiwa na makanisa yakavunjwa. Kanisa dogo la Chenonceau lilipona kwa sababu mama Dupin aliligeuza ghala la kuni. Alikufa mwaka 1799 akiwa na miaka 93, amezikwa hapo hapo.

Chumba nilichopenda kuliko vyote ni jiko. Liko chini kabisa, ndani ya nguzo zinazosimama mtoni. Mashua zilikuwa zinafika mpaka mlangoni na chakula. Kuna tanuri la mikate, mahali pa kukata nyama, sufuria za shaba zinazong'aa, na maji yanapita chini ya miguu. Mnajua kazi ya maji nyumbani. Mtu aliyeweka jiko juu ya mto alijua pia. Huko chini ndipo nilipokumbuka kwamba malkia wote niliowataja hawakupika hata yai. Majina ya waliopika hayako ukutani.

Mwaka 1913 kasri lilinunuliwa na jamaa ya Menier, watengenezaji wa shokola, na ni lao hata sasa. Vita vya 1914 vilipoanza, waligeuza ule ukumbi wa sikukuu kuwa hospitali kwa gharama yao. Simone Menier, mkwe wa nyumba hiyo, alikuwa muuguzi mkuu. Vitanda vilipangwa chini ya yale madirisha 18, na hadi mwisho wa vita majeruhi zaidi ya 2000 walitunzwa humo.

Vita vya pili vilikuja na mambo mengine. Kutoka 1940 hadi 1942 Ufaransa iligawanywa, na pale mto Cher ndio uliokuwa mpaka: mlango mkubwa wa kasri ulikuwa upande walioshika Wadachi, mlango wa mwisho wa ukumbi ulifungukia upande uliokuwa bado huru. Kwa hiyo ukumbi wa Catherine ukawa njia ya watu waliokimbia. Mita 60 tu. Dada yangu, ambaye mwaka 1996 alivuka Ruzizi usiku akiwa msichana, alipoelezwa hivyo hakusema neno. Alimkaza mtoto mgongoni, akatembea ukumbi wote hadi ule mlango.

Siku hiyo ulikuwa wazi. Nje kuna miti na njia ya miguu kando ya maji. Tukakaa pale, tukatoa mikate na mayai tuliyotoka nayo nyumbani, kwa sababu mgahawa wa kasri ni ghali, tukala tukiangalia jumba kwa nyuma.